Kariakoo au Mjini: Ukiwa na Jumapili Moja ya Kuwaonyesha Watoto Dar es Salaam ya Ujana Wako

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wazee wa umri wangu hupata wageni ambao ni watoto wao wenyewe. Wanatoka Muscat, Leeds na Minneapolis, au wanatoka Goba na Mbezi tu, ambako nako ni mbali kwa jambo ninalotaka kulieleza, na baada ya siku mbili tatu za kula na kulala huuliza swali lile lile: hasa mlikuwa mkiishi wapi, na mlipokuwa vijana mlikuwa mkifanya nini? Mzazi huwa na Jumapili moja ya kulijibu swali hilo, akibahatika mbili, na magoti yake hayako tayari kuzunguka jiji zima katika jua la Desemba. Kwa sisi tulioufanya ujana wetu Dar es Salaam kati ya miaka ya 1970 na 1980, mahali panapostahili siku hiyo ni pande mbili tu, na katikati yake kuna viwanja vya Mnazi Mmoja. Upande mmoja ni Mjini, yaani Samora, Azikiwe, mitaa ya Uhindini na kuteremka mpaka Kivukoni. Upande wa pili ni Kariakoo. Nimewahi kuwapeleka wanangu pande zote mbili, katika miaka tofauti, na mara ya kwanza nilichagua vibaya.

Tofauti ya pande hizi haikuanza na sisi. Wakoloni Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu, ambazo kwa lugha ya mtaani zikawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na wengine. Jina lenyewe la Kariakoo ni masalia ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mipaka hiyo ilikwisha nguvu, Uhuru ukaja, lakini miguu ya watu ilikuwa imekwisha kuizoea. Hata baada ya mwaka 1971, serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka mikononi mwa Msajili wa Majumba, na baadhi ya familia za watumishi zikapanda kwenye ghorofa za Uhindini, wengi wetu tuliendelea kusema vile vile: tunakaa Kariakoo, tunakwenda Mjini. Vitenzi hivyo viwili, kukaa na kwenda, vitakusaidia kuchagua kuliko ramani.

Mtoto anayeamini macho yake

Kama mtoto wako ni wa kutaka kuona ndipo aamini, Mjini kunashinda bila ubishi. Mnaweza kuteremka Kivukoni kwa basi la mwendokasi, mkapita mbele ya kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu huku bandari iko mkono wa kushoto, kisha mkapanda kuelekea Samora. Sanamu ya Askari iko pale pale ilipowekwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini, magari yakiizunguka kama zamani ila ni mengi zaidi. Barabara yenyewe ina hadithi ya kumsimulia mtoto bila kutumia kitabu, kwa kuwa bibi zetu waliijua kwa jina la Acacia, sisi tukaikuta ikiitwa Independence, na leo ni Samora, kwa heshima ya rais wa kwanza wa Msumbiji. Mkiifuata mpaka mwisho mtafika Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Humo katikati, katika mitaa ya India, Jamhuri na Mosque, mwambie mtoto anyanyue uso, kwa maana majengo mengi ya Uhindini yameandikwa mwaka wa kujengwa kwenye paji lake, kwa saruji, na hakuna mwongoza watalii anayeweza kushindana na jengo linalojitaja umri wake.

Majengo hayo yamebaki kwa sababu ambayo si ya kujivunia sana. Baada ya kutaifishwa, kodi zilikuwa ndogo, ukarabati ulikuwa wa nadra, na hakuna aliyekuwa na fedha wala sababu ya kubomoa na kujenga upya. Uzembe ukafanya kazi ambayo leo hufanywa na idara za mambo ya kale. Bomba lilivuja, rangi ikabanduka, lakini ukuta ukasimama. Minara ya vioo unayoiona sasa imeanza kuyameza moja moja katika miaka ya karibuni, kwa hiyo kama unakusudia kwenda usiliweke jambo hili mpaka wajukuu wakue.

Kuhusu kumbi za sinema, jiandae kusimulia zaidi kuliko kuonyesha. Empire, Empress, Avalon, Odeon, New Chox na Cameo ndizo zilizokuwa shule yetu ya pili, na hazionyeshi tena picha tulizozifuata. Baadhi ya majengo yamepewa kazi nyingine, na utasimama mbele ya mlango ukijaribu kueleza jinsi walanguzi wa tiketi walivyozunguka hapo wakinong'ona, jinsi viti vya mbele vilivyokuwa vya bei nafuu na shingo ikauma hadi kesho yake, na jinsi ukumbi mzima ulivyokuwa ukimpigia steringi kelele za kumwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Ile ya magari ya kule Msasani, ambako familia zenye gari zilitazama picha zikiwa zimekaa ndani ya gari lao na zisizo na gari zikatafuta pa kuchungulia, usihangaike nayo kabisa: kiwanja chake ndicho penye ubalozi wa Marekani, na walinzi wa ubalozi hawana subira na mtu anayesimama kutazama ukuta kwa hisia.

Sasa linganisha na Kariakoo. Soko lenyewe lipo, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa ya zege yaliyopanuka juu kama faneli ili kukinga maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliharibu, na lilibidi kukarabatiwa. Majengo ya klabu mbili kubwa yapo. Zaidi ya hapo, karibu kila kitu tulichokiita nyumbani kimeondoka. Ile nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati, uani penye jiko na bomba moja la wote, na baraza la mbele lililong'arishwa na makalio ya vizazi viwili, imebomolewa mtaa baada ya mtaa, na mahali pake pamesimama ghorofa nane au kumi zenye maduka chini na maghala juu.

Hilo ndilo kosa langu la mwaka wa kwanza. Nilimpeleka Kariakoo mwanangu wa kiume, ambaye ni mhandisi na ambaye tangu utoto haamini mpaka ashike, tena nikampeleka Jumamosi asubuhi wiki moja kabla ya Krismasi. Tulisukumwa kutoka Msimbazi hadi Mkunguni kama magunia. Nilipofika mtaani kwetu sikuweza hata kukitambua kiwanja, nikaanza kuhesabu kutoka kona ya msikiti, moja, mbili, tatu, ya nne ndiyo yetu, na kidole changu kikaangukia duka la makava ya simu. Nikamwambia, hapa ndipo palipokuwa chumba cha bibi yako, hapa alikuwa akikaa fundi cherehani, na pale nyuma ndipo nilipozaliwa. Mwanangu akayatazama makava ya simu kwa adabu kubwa. Halafu akanunua moja.

Palipotujua, na palipotuacha tupite

Lakini macho siyo kipimo pekee, na hapa ndipo ningeomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu wengi wetu tunapowasimulia watoto habari za ujana tunachanganya mambo mawili ambayo zamani yalikuwa yamegawanyika kwa mita mia chache. Kariakoo ilikuwa mahali ulipojulikana. Mjini palikuwa mahali ambapo hakuna aliyekujua. Ujana wetu ulikuwa ile safari ya kwenda na kurudi kati ya pande hizo, na kijana wa kike aliifanya safari hiyo kwa namna ambayo kaka zetu hawakuijua.

Mtaani kwetu binti alikuwa na mama mmoja wa kumzaa na mama kumi na watano wa kumtazama. Ukitoka ukumbini unakutana na wapangaji, ukifika barazani unakutana na wazee wa bao, ukivuka mtaa unakutana na muuza vitumbua ambaye ni shoga wa mama yako, na kila mmoja unamwamkia, na kila mmoja anakuuliza unakwenda wapi, siyo kwa sababu hajui bali kwa sababu anataka kusikia utasema nini. Kulikuwa na raha yake katika hali hiyo. Homa ikikupata usiku, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wa jirani, na mwanafunzi aliyefaulu kwenda kidato cha tano alisherehekewa na mtaa mzima. Lakini msichana wa miaka kumi na saba hakuwa akitafuta raha hiyo. Alikuwa akitafuta Jumapili moja ya kutoulizwa.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Nilitoka nyumbani nimevaa gauni refu lililoshonwa na fundi wa barazani kwa kitambaa cha Urafiki, nywele zimesukwa kwa uzi, khanga begani, kandambili miguuni, na kikapu mkononi kana kwamba nimetumwa. Ndani ya kikapu, chini ya kitambaa, kulikuwa na raizoni nilizoazima kwa binamu yangu, zenye visigino virefu kama vipande vya matofali. Nilipofika Mnazi Mmoja, chini ya mti mmoja mkubwa uliokuwa pembeni, nilitazama kushoto na kulia, nikavua kandambili, nikavaa raizoni, nikaikunja khanga kikapuni, na mtu aliyetokea upande wa pili wa viwanja alikuwa mwingine. Jioni mambo yalikwenda kinyumenyume. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili na nina hakika, au nilikuwa na hakika, kwamba hakuna mtu wa mtaani aliyewahi kuniona.

Mtoto wa leo atauliza viatu vina kosa gani, na hapo huna budi kumweleza kwamba mavazi ya vijana yalikuwa jambo la siasa. Dada zetu wakubwa walikutana na Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi kwa hoja kwamba ni kuiga na kudharau utamaduni wa Taifa. Wapo wasichana waliozomewa na kusumbuliwa barabarani hata kabla ya siku hiyo kufika. Sisi tulipokuja kukua, kaka zetu walikuwa wakifagia barabara kwa bugaluu, zile suruali pana miguuni, na hakuna aliyewakamata, lakini macho ya wakubwa yalikuwa bado makali kwa wasichana. Wanaume wa rika langu huisimulia miaka hiyo kana kwamba mji wote ulikuwa wao. Nadhani ulikuwa wao kweli. Sisi tulikuwa tukiuazima kuanzia saa tisa hadi magharibi.

Ukiwa na binti, basi, Mjini pana jambo la kumwonyesha ambalo halimo katika majengo. Mpitishe Mtaa wa Mansfield na umwambie kwamba kusimama na aiskrimu ya Sno-Cream mkononi, peke yako, bila mtu kukuuliza wewe ni wa nani, kulikuwa ni uhuru wa ukubwa ambao siku hizi unahitaji pasipoti. Mpeleke ufukweni Kivukoni mkae mtazame pantoni likivuka kwenda Kigamboni, jambo ambalo halikugharimu chochote wakati ule na halijaanza kugharimu. Vitu hivi ni vidogo, na mzazi anayependa kusimulia makubwa anaweza kuvipita. Binti yangu ndivyo alivyovikumbuka.

Masikio, mpira na foleni

Kwa mtoto wa kusikiliza, mizani inageuka na Kariakoo inaongoza. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, kwa hiyo utoto wetu wote na ujana wetu wote vilipita mbele ya redio, na redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa madirisha ya Kariakoo yalikuwa wazi na yamekaribiana, ungeweza kutumwa dukani wakati wa taarifa ya habari, ukaanza kusikia mlio wa ngoma nyumbani kwenu na ukarudi umesikia habari zote bila kukosa neno. Ndivyo vilivyosikika vipindi vya salamu, ambavyo watu walivitumia kuchumbiana mbele ya nchi nzima. Ndivyo ulivyosikika pia muziki wa dansi uliorekodiwa na redio hiyo hiyo, ambao bila yake mwingi ungepotea.

Bendi zenyewe zilikuwa na mashabiki wa kugombana. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, mashabiki wakaiita Sikinde, na kwa miaka mingi mtu wa Msondo hakukaa meza moja na mtu wa Sikinde bila maneno. Orchestra Maquis, waliotoka Kongo, walikuwa na watu wao. Ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu, na hata asiyeruhusiwa kuingia aliusikia usiku kupitia mapaa ya bati. Kama muziki ndio uliokuwa roho ya ujana wako, ushauri wangu ni kwamba uache matembezi ya mchana, Kariakoo na Mjini pia, umtafutie mtoto usiku mmoja wa bendi ya dansi inayopiga jukwaani. Ala tano zikianza kwa pamoja, maelezo yako hayatahitajika.

Mpira ni wa Kariakoo, na hili halihitaji kulinganishwa. Simba ina nyumba yake Msimbazi na Yanga ina yake Jangwani, kwa mwendo wa dakika chache, na ugomvi wao ndio ugomvi pekee wa ujana wetu ambao mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 anaujua kama sisi. Mimi nilikuwa shule mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6 kwa sifuri, na nakumbuka kwamba mtaani kwetu kuna milango ambayo haikufunguliwa kesho yake. Watu wa Yanga watakukumbusha mabao 5 ya mwaka 1968. Waache wakukumbushe.

Liko jambo moja ambalo wazazi hulikwepa, nalo ni dhiki. Kumbukumbu zina tabia ya kupika wali bila kuokota mawe. Baada ya vita vya Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni, mafuta ya kula na hata kiberiti vilikuwa vya foleni, na ulipangiwa mgawo kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Tulikula unga wa njano ambao bibi yangu alisema ni chakula cha kuku wa watu wengine. Mwaka 1983 ilipoanza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, watu waliotishika walitupa bidhaa usiku, na asubuhi tukakuta mitaani vitu ambavyo madukani havikuonekana. Kisha biashara ikafunguliwa kuanzia mwaka 1984, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka 1985, watu wakamwita Mzee Ruksa, na kwa mara ya kwanza nikamiliki raizoni zangu mwenyewe, wakati ambapo raizoni zilikuwa zimepitwa.

Habari hizi husimuliwa vizuri zaidi Kariakoo, mbele ya maduka yanayomwaga bidhaa hadi njiani, kwa sababu mtoto akiona marobota hayo na ukamwambia kwamba hapa hapa ulisimama tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, atakutazama upya. Mjini hadithi hiyo haishiki. Yapo na mambo ambayo hayana upande, kama vile mabasi ya UDA, hasa yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria tuliyoyaita kumbakumba, na daladala zilizokuja kuyasaidia na kisha kuyazika, ambazo inasemekana jina lake limetokana na dala, sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Hayo msimulie mtoto mkiwa ndani ya mwendokasi mmebanwa, atayaelewa bila taabu.

Siku, saa na watu

Kwa upande wa utaratibu, Mjini ni rahisi zaidi kwa kila namna. Jumapili mitaa ya Samora na Uhindini huwa mitupu kiasi cha kusikia hatua zako, kivuli kinapatikana, pa kukaa papo, na mzee mwenye fimbo au mtoto wa miaka sita anaweza kumaliza mzunguko wote kwa saa tatu. Kariakoo inahitaji hesabu. Usiende asubuhi, usiende Jumamosi, na usithubutu kwenda katika wiki mbili za kabla ya sikukuu yoyote. Jumapili kuanzia saa kumi alasiri, jua likishalegea na sehemu ya maduka imefungwa, ndiyo saa ambayo mtaa hukuruhusu kusimama bila kusukumwa. Mwendokasi hukuteremsha Msimbazi au Gerezani. Acheni begi nyumbani.

Lakini utaratibu si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kujiuliza kama amebaki mtu. Kariakoo bila mtu wa rika lako ni duka kubwa tu, na mtoto ataona alichokiona mwanangu mhandisi. Kabla hujapanga safari, piga simu, uliza nani bado anakaa, nani alihamia Tandika au Mbagala lakini hurudi kuswali Ijumaa na kupiga soga Jumapili, na nani ana kiti kwenye kijiwe cha kahawa. Ukipata hata mmoja, chagua Kariakoo, hata kama hakuna ukuta mmoja uliosalia. Usipopata, chagua Mjini, kwa sababu kuta zitakusaidia kusema. Na kama mtoto anakuja mara moja tu na hatarudi hivi karibuni, usigawe siku nusu kwa nusu kwa kukimbia na gari kutoka huku kwenda kule. Gari litakunyima Mnazi Mmoja, na ukiinyima safari Mnazi Mmoja umebakiwa na sehemu mbili zisizohusiana.

Mwaka wa pili nilimpeleka binti yangu, na nilianza na Mjini. Alipiga picha ya Askari, akapiga picha ya kila jengo lenye mwaka, akala aiskrimu, akafurahi. Tulipofika Mnara wa Saa akauliza, bila ubaya wowote, ni lipi kati ya majengo yote yale nililokuwa nikikaa. Nikamwambia hakuna. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi twende kule ulikokuwa ukitokea. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Tukavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nikamwonyesha palipokuwa na mti, nikamsimulia habari ya kikapu, naye akacheka mpaka akasimama.

Kwenye kona ya mtaa wetu, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, palikuwa na dele la kahawa juu ya makaa, kashata kwenye sinia, na wazee wanne. Nikawaamkia, binti yangu naye akawaamkia shikamoo ya kigeni yenye tabasamu nyingi. Mmoja wao, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yangu mkubwa, hakunitazama mimi. Alimtazama yeye kwa muda, akamwuliza lile swali nililolikimbia kwa miaka miwili na kikapu mkononi: "Binti, wewe wa nani?" Akamtajia jina la babu yake. Mzee akaweka kikombe chini, akanigeukia, akanitazama kuanzia usoni hadi miguuni, akaishia kwenye viatu.

"Huyu," akawaambia wenzake, "ndiye yule wa kuvua kandambili pale Mnazi Mmoja, akidhani hatumwoni."